Kardani za Chuma za Papa Falonne

Siku ya ine, ndiyo Alhamisi, baada ya mvua ya muchana, Muyisa aliketi kwenye baraza ya Godelive, akatandika kitambaa cheupe juu ya magoti, akalaza kamotokari juu yake, magurudumu yakiangalia mbingu. Alichagua turnevisi ndogo kuliko zote, ile bisibisi ya mafundi wa saa, akaanza kufungua kardani. Kardani ni kile chuma kirefu kinachochukua nguvu kutoka kwa injini na kuipeleka kwa magurudumu. Kamotokari hii, ingawa ilikuwa ya kuchezea, ilikuwa nazo mbili kama kamio, lori la kweli, moja mbele na moja nyuma, ila zake zilikuwa za plastiki. Ya mbele ilitoka ikiwa imejisokota kama kamba ya kufungia mbuzi. Ya nyuma ilikatikia mukononi mwake.

"Plastiki," akasema Muyisa. "Na hiki kilima yetu!"

"Nilikuambiaka," akajibu Jéthro.

Jéthro alikuwa ameketi juu ya kifuniko cha kopo ya maziwa, akisimamia kazi vile alivyoisimamia siku zote. Alikuwa amekufa mwaka wa sita sasa, na urefu wake haukuzidi kidole gumba, lakini mudomo ulikuwa uleule.

"Hapana kulazimisha ile visi, Muyisa. Utaharibu kichwa yake. Unafunguaka kama mutu mwenye kukasirika."

Godelive, muke wa Jéthro, alikuwa pembeni akichagua viazi vya Masereka, vikubwa upande huu, vidogo upande ule, na vile vilivyochomwa na jembe kwa chakula cha nyumba. Alikuwa amevaa nguo nyeusi. Aliinua kichwa mara moja tu, kuuliza kama motokari itakuwa tayari kesho asubuhi.

"Itakuwa tayari, shemeji," akasema Muyisa.

"Na itapanda?"

"Ile uulize bwana yako."

Zamani, wakati barabara ya Oicha ilikuwa barabara tu, Jéthro alikuwa shofere wa Fuso ya kijani, na Muyisa alikuwa konvoyeri wake, yule anayepakia mizigo, anayeweka jiwe nyuma ya gurudumu, anayelala chini ya motokari ikiharibika. Walitelemuka kutoka Butembo na viazi na vitunguu, wakapita Beni, wakafika Oicha, wakapanda tena na kakao. Juu ya magunia ya kakao waliketi watu: walimu, wamama wa soko, wapasta, kuku wengi. Njia yote waliimba. Wakatoliki walianza na nyimbo za misa kule nyuma, Waprotestanti wakajibu na za kwao, na wakati wanafika kwenye vumbi la Butembo hakuna aliyejua tena wimbo ni wa kanisa gani. Muyisa anasema hajasikia kuimba kama kule tangu wakati ule, hata siku ya Noeli, na Muyisa si mutu wa kusifu vitu ovyo.

Kila siku ya ine, jua likianza kushuka, Jéthro alipiga honi kwenye kilima cha mwisho: moja ndefu, mbili fupi. Kartie nzima, mutaa wote, iliijua. Godelive aliweka sufuria ya maji ya bugali kwenye moto, na maji yakichemuka, Fuso ilikuwa mulangoni. Watu wasiokuwa na saa walipika kwa honi ile. Lakini kufika mulangoni hakukuwa kushuka. Jéthro hakuwa anashuka kwenye usukani mpaka mutu wa mwisho wa juu ya magunia akanyage chini kwa miguu yote miwili, apewe kuku wake, aulizwe kama hajasahau kitu. Ilikuwa desturi yake tangu ujana. Bugali ilipoa. Godelive alimugombeza kila siku ya ine, tena kwa sauti ya kusikiwa na majirani, na kusema kweli alimupenda kwa sababu ya jambo lile lile.

Kisha ilifika siku ya ine moja. Maji yalichemuka, yakakauka, sufuria ikaungua.

Fuso ilichomwa kati ya Oicha na Beni, pamoja na wote waliokuwa juu. Nani aliyeichoma, kila mutu anajua, na kila mutu anataja mwingine. Serikali ilitangaza kwamba sehemu ile ni ya hatari, imefungwa, hakuna kwenda kuokota mutu. Muyisa hakuwa safarini. Mugongo ulikuwa umemukatalia kazi ya kamio kabla ya pale, akawa anatengeneza redio na saa.

Sasa, kwa ukoo wa Jéthro, matanga hayafungwi kama marehemu hajaletwa. Wazee walisema, tutafunga juu ya nini? Juu ya picha? Waliruhusu jambo moja tu: hata udongo wa pale alipolala, ukiletwa, watauzika kama mutu na matanga yatakwisha. Lakini kiwe kitu cha kushika mukononi. Ndiyo sababu Godelive alibaki na nyeusi mwaka huu na mwaka ule. Ndani ya sanduku, chini ya kitanda, alikuwa na kikwembe, kitenge cha manjano chenye maua ya buluu, kizima, hakijaguswa na makasi. Jéthro alimununulia kwenye soko ya Beu, kule Beni, safari iliyotangulia ile ya mwisho. Alikiweka kwa siku ya kutoa nyeusi. Wamama wenzake wa soko walimutania, "Mama Falonne, uliolewa na ile nyeusi?" Alicheka nao, akafika nyumbani akalia. Alikuwa amechoka. Alitaka kumuzika bwana yake nyuma ya nyumba, pembeni ya muti wa avoka, avae manjano, apate usingizi kama watu wengine.

Kamotokari ilifika ndani ya katoni ya redio ambazo Falonne, binti yao, alizituma kutoka Guangzhou kule anakonunulia bidhaa. Hakuna aliyeiagiza. Ilikuwa ya kupanda mawe, magurudumu makubwa ya mupira laini, rangi ya kijani, na telekomande yake ya kuiendesha kwa mbali. Sokoni ilikosa munuzi: bei yake ilikuwa bei ya mbuzi, na mbuzi anazaa. Godelive akaiweka juu ya kabati pembeni ya picha ya Jéthro, na bateri za telekomande akazitia ndani ya redio yake. Siku ya ine, saa ya honi, motokari ilishuka yenyewe kwenye kabati, ikapita chini ya kiti, ikatoka. Juma lililofuata, saa ileile, ilirudi. Jéthro alikuwa kwenye usukani.

"Iko chakula?" akauliza.

"Iko," akajibu Godelive, akaweka maji kwenye moto.

Alikula bugali na sombe, majani ya muhogo, juu ya kifuniko cha chupa ya soda, akaomba nyongeza. Muyisa aliitwa kuja kuona. Alizunguka meza, akakuna kichwa.

"Umepunguka, Shefu."

"Ile barabara inapunguzaka batu," akasema Jéthro. Wakaanza kuongea juu ya bei ya mazuti, yale mafuta ya kamio.

Majirani walipita kumusalimia, na mumoja alimuuliza kama kakao bado inafaa kule. Watu wa Butembo hawana wakati wa kushangaa kesho yake ikiwa siku ya soko.

Godelive alimuomba kitu kimoja tu, alete udongo wa pale anapolala. Kiboksi kimoja cha kiberiti kingetosha. Jéthro alikubali, akaenda. Lakini kiboksi cha kiberiti, kikijazwa udongo wa pale, kinakuwa na uzito wa mutu mzima. Kamotokari ilivuka Beni nacho vizuri, ikafika kwenye kilima cha mwisho, na pale kardani zikajisokota. Kiboksi kiliteleza, kikarudi chini mpaka kilikotoka. Jéthro alisukuma motokari tupu kwa mabega yake mpaka nyumbani, akafika kesho yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hapo ndipo Falonne alipotumiwa ujumbe atafute kardani za chuma.

Wakati wa kuzingojea, Godelive aliona afadhali ajaribu pia njia ya serikali. Alimutia Jéthro ndani ya sakosi, mukoba wake, Muyisa akawasindikiza, wakaenda Beni kwenye biro moja, ofisi ambayo haina haja ya kutajwa. Mukubwa wa pale aliwapa viti. Godelive alimutoa Jéthro, akamusimamisha juu ya meza, kati ya muhuri na kikombe cha chai. Mukubwa alimusalimia kwa kidole kimoja, kwa sababu mukono mzima ungemuangusha.

"Pole, papa. Donc, uko mutu wa ile Fuso."

"Njo miye," akasema Jéthro. "Tuko pale kisha daraja ya mbao, ku mukono wa kuume, chini ya ile miti mbili ya kakao yenye kuungua. Tuko bote pamoja."

"Tunajua. Pale panajulikana."

"Kama panajulikana," akauliza Godelive, "juu ya nini batu habaokotwe?"

"Mama, ile sehemu iko bado yenye kufungwa. Hakuna ruhusa ya mutu kupita. Mungoje kwanza operesheni ya askari imalizike."

"Huyu anapitaka pale kila juma!"

"Huyu iko mudogo, mama," akasema mukubwa kwa upole wote. "Batu bakubwa, hapana."

Akawasindikiza mpaka mulangoni. Alikuwa mutu wa adabu. Walirudi kwa taxi, na alipofika nyumbani Godelive alipiga sufuria kwa mwiko mpaka ikabonyea.

Kardani za chuma zilifika kwa mukono wa mufanyabiashara aliyetoka China, zimefungwa ndani ya karatasi ya bonbon, pipi za watoto. Hazikutengenezwa kwa motokari ile. Falonne alichagua kwa macho tu. Zilikuwa ndefu kidogo, na kardani ndefu kupita kiasi inasukuma kila kitu mbele yake, kwa hiyo Muyisa, siku ile ya ine kwenye baraza, alizipunguza kwa tupa, akipuliza unga wa chuma usiingie kwenye macho ya Jéthro. Kila moja ilikuwa na vipande viwili, kimoja kikiingia ndani ya kingine, kusudi motokari ikipanda jiwe kardani irefuke na ifupike. Akazipaka grisi kwa kijiti cha kiberiti. Akafunga visi ndogo, zisizo kubwa kuliko mbegu ya ulezi, akaziziba kwa vernis nyekundu ya kucha ambayo Falonne aliisahau nyumbani, kusudi zisifunguke njiani. Kisha akageuza motokari, akaiweka chini.

"Panda, Shefu. Ujaribu."

Jéthro alizunguka baraza. Kamotokari ilitetemeka, milango ikalia, meno ya Jéthro yakagongana. Alifika kwenye gunia la viazi, akageuka, akarudi, na alipozima alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Inatetemeka kama yetu!"

Ilikuwa hivi. Kardani ina masikio ya kushikia kwenye kila mwisho, na masikio ya huku yanapaswa kulingana na ya kule. Ile ya Fuso ilikatwa zamani na kuunganishwa tena na muchomeleaji mumoja wa Oicha aliyekuwa na haraka ya kwenda kwenye ndoa, na masikio yake yakapishana. Tangu siku ile Fuso ilitetemeka kwenye kila kilima. Watu wa juu ya magunia walizoea. Wakisikia mutetemo walisema, bon, Butembo iko karibu, wakaanza kujifunga viatu. Muyisa alikuwa amefungua na kufunga kardani ile miaka mingi, hakuwahi kufunga ingine, na mikono yake ilipishanisha masikio ya hizi ndogo bila kumuuliza.

"Tuache vile?" akauliza. Naye alikuwa anafuta macho.

Jéthro alipapasa usukani. Alisema kwamba mutetemo ule ulikuwa unamukumbusha kila mutu, mumoja mumoja, na pale alipoketi.

"Hapana," akasema mwishoni. "Uilinganishe. Visi zitafunguka ku njia, na mara hii nabeba batu."

Godelive alisikia vizuri, batu, watu wengi, si mutu. Lakini alikuwa na viazi vya kumaliza, na furaha yake ilikuwa imekwisha kutangulia mbele.

Jéthro aliondoka siku ya tano asubuhi. Juma lile Godelive alifagia nyuma ya nyumba, akamulipa kijana mumoja achimbe shimo ndogo pembeni ya avoka, akawaalika wazee kwa siku ya Mungu, ndiyo Jumapili, akachuja kasiksi, pombe ya ndizi. Siku ya ine alitoa kikwembe ndani ya sanduku, akakinusa, akakiweka juu ya kiti.

Kamotokari haikuwa na honi. Hata hivyo, jua likianza kushuka, kartie nzima ilisikia honi ya Fuso kwenye kilima cha mwisho, moja ndefu, mbili fupi. Wamama waliokuwa mbele ya nyumba zao waligeukia kilima. Kisha mumoja akasimama, na mwingine, na kwenye kila jiko watu wakaweka maji kwenye moto, hata wale waliokuwa wamekwisha kula. Muyisa alitoka kwenye duka lake na saa ya mutu mukononi, akasimama katikati ya njia. Maji ya Godelive yalichemuka. Kamotokari ilikuwa mulangoni, kardani zake zimenyooka, na nyuma yake kiboksi cha kiberiti.

Godelive alipiga magoti. Alikata pembe ya kikwembe kwa makasi, kusudi amufunike, kwa maana mutu hapokelewi ndani ya kiboksi hivi hivi.

"Karibu, Papa Falonne," akakiambia kiboksi. "Karibu ku nyumba yako."

Jéthro hakushuka. Alishika usukani kwa mikono miwili.

"Ule hapana miye," akasema. "Ule iko Bénite."

Bénite alikuwa mwalimu kule Oicha. Siku ile alikuwa ameketi nyuma ya kabini, anarudi Butembo kwa ndoa ya mudogo wake, na mama yake alikuwa anauza sombe kwenye meza ya tatu kutoka ile ya Godelive.

"Nilikuambia ulete wewe!" akalia Godelive. "Wewe! Nimealika bazee! Nimechimba shimo!"

"Mama Falonne. Unanijua. Ninashukaka wa mwisho."

Alimugombeza kwa sauti ya zamani, ile ya majirani. Alimuita kichwa ngumu, alimuita bwana wa watu wengine. Alilia kabisa, akaketi chini. Jéthro alingoja. Kisha Godelive akafuta uso, akafunga Bénite vizuri ndani ya kitambaa cha manjano, akaenda naye, akimubeba kwa mikono miwili kwa sababu alikuwa muzito. Mama yake Bénite alipokea, akafungua kidogo, akafunga. Aliuliza kama mutoto amekula njiani.

Walimuzika siku ya Mungu, na kasiksi ya Godelive ndiyo iliyonywewa. Mama yule alitoa nyeusi, akaja kwenye soko na nguo ya kijani, akanunua viazi kwa Godelive bila kujadili bei.

Juma lililofuata honi ililia, na ndani ya kiboksi alikuwa pasta Siméon. Kisha Jokébed, aliyekuwa na mimba, kwa hiyo uzito ulikuwa wa watu wawili na kardani ya nyuma ikapindika, Muyisa akainyoosha. Kila mutu Godelive alimukatia kitambaa chake. Nyumba moja ilipata kipande chenye ua zima, ingine nusu ua, hakuna aliyelalamika. Wengine walikuja kungoja kwenye kilima tangu saa kumi, na viti vyao. Mukubwa wa Beni naye alisikia. Alituma salamu na kusema kwamba sehemu ile bado imefungwa.

Jioni moja Godelive alimuuliza bwana yake, akila, wamebaki wangapi.

"Ba Fuso banaelekea kwisha."

"Kisha wewe."

Jéthro aliacha bugali. "Banasikia honi, Mama Falonne. Bale benye kuuawa mbele yetu, na bale ba nyuma yetu. Ba juma lenye kupita pia biko pale. Banakuja kusimama ku njia na mizigo yabo, banainua mukono. Nibapite?"

Godelive alimuongezea sombe. Alikuwa anamujua. Katika Fuso pia hakumupita mutu aliyeinua mukono, hata magunia yakiwa yamejaa.

"Hapana kubapita," akasema, na mashavu yake yalikuwa yamelowa.

Alimwambia Muyisa aongeze grisi. Alimutumia Falonne ujumbe alete kardani zingine za kuweka akiba, nene zaidi. Shimo la pembeni ya avoka liliota majani. Aliyang'oa, yakaota tena. Nyeusi yake ilipasuka kwenye bega, akashona.

Kikwembe kilikwisha kidogo kidogo, mpaka kikabaki kipande kimoja, chenye upindo, maua mawili mazima juu yake. Godelive alikikunja, akakirudisha ndani ya sanduku. Hiki ni cha Papa Falonne, akawaambia wote, hiki kisiguswe.

Siku ya ine honi ililia, maji yakachemuka, kamotokari ikasimama mulangoni. Nyuma yake kulikuwa na viboksi viwili, vya watu waliokuwa wameinua mukono njiani. Godelive aliingia ndani, akatoka na kile kipande, akakitandika juu ya goti. Akakikata katikati, ua moja huku, ua moja kule.

"Iko chakula?" Jéthro akauliza kutoka kwenye usukani.

"Iko," akajibu.